MREJESHO: Chevening kwa masta ya haki za binadamu

Wakuu, niliuliza kama saa za kujitolea kwenye msaada wa kisheria zinahesabika Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza wa kusomea masta huko. Zinahesabika. Wanataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na aliyenishauri nizipigie hesabu kwa wiki alinisaidia sana: saa 20 kwa wiki 50 ni 1,000, zilizobaki nikajazia kazi ya mkataba. Mafunzo ya vitendo yaliyokuwa sehemu ya lazima ya digrii niliyaacha, hayahesabiki.

Insha za maombi nazo nilizifumua. "Napenda kutetea wanyonge" ilitoka, ikaingia kesi moja ya kufukuzwa kwenye ardhi: nilifanya nini, nani alinipinga, kikabadilika nini. Nikaitwa usaili, nikapita.

Nilikoteleza ni vyuo. Kati ya kozi tatu nilizochagua, mbili zilinipotea. Mwalimu wangu alichelewesha barua ya mapendekezo, na kosa ni langu, nilimwomba wiki moja kabla (mwombeni miezi miwili kabla, na mumkumbushe). Ya tatu ilinipa nafasi yenye sharti la Kiingereza. Nikafanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, sharti likaondoka.

Asanteni sana, hasa aliyepitia insha zangu usiku ule.