Tochi iko mwanzo wa kijiji, magari yanachomoka mbele ya shule yangu. Nianzie wapi?

Mwalimu_wa_Mkonge

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa madereva wa masafa, waliowahi kuwa trafiki na watu wa barabara.

Nafundisha shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu, kati ya Korogwe na Mombo. Anayepita huku kwenda Moshi au Arusha anapajua: mkonge upande mmoja, milima ya Usambara upande wa pili, lami imenyooka. Kijiji kina vibao vya 50 kwa pande zote, na kutoka kibao hadi kibao ni kama kilomita mbili. Shule ipo mwisho wa kijiji, upande wa Mombo.

Trafiki wenye tochi, ile ya kupima mwendo wa magari, hukaa upande wa Korogwe, chini ya mwembe, hatua chache baada ya kibao. Sina ugomvi nao, wanashinda kwenye jua na vumbi la malori. Tatizo langu ni kinachotokea baada yao. Dereva akishaipita tochi anajua kazi imekwisha, anakanyaga mafuta, na sehemu ya kukanyagia mafuta ndiyo penye zebra ya wanafunzi wangu.

Sikisii. Darasa la Sita tulikuwa kwenye mada ya mwendo, nikawatoa nje, tukapima mita 100 kando ya barabara, tukaweka mawe mawili yaliyopakwa chokaa, halafu tukatumia saa ya simu tukiwa nyuma ya uzio. Gari la 50 linamaliza mita 100 kwa sekunde 7.2. La 80 linamaliza kwa sekunde 4.5. Siku trafiki hawapo, magari mengi yalitumia sekunde 5 na nusu hadi 6. Siku trafiki wapo chini ya mwembe, magari yanayotoka upande huohuo yalikuwa yanatumia 4 na kitu. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mbona polisi wakija ndiyo wanakimbia zaidi?" Nikamwambia tutaendelea kesho.

Wiki tatu zilizopita mtoto wa Darasa la Pili aligongwa palepale. Gari lilikuwa limetoka kupita tochi. Yuko hai, amevunjika paja. Nilimbeba mimi mwenyewe hadi kwenye gari la msamaria, na tangu siku ile kila nikisikia breki nikiwa darasani naacha chaki na kwenda dirishani.

Barua tuliandika mwaka jana kwenye ofisi moja, hatukujibiwa. Nianze wapi? Niwaombe trafiki wahame? Niombe matuta? Na nikiwaambia trafiki kwamba wanasimama mahali pasipofaa, si nitaonekana nawafundisha kazi?

---

Suka_wa_Kaskazini

Mwalimu, shikamoo. Mimi naendesha basi njia hiyo, nitakwambia ukweli hata kama wenzangu watanuna.

Uliyoyapima ni kweli. Sisi hatuangalii kibao, tunaangalia tochi. Tunajua kila mwembe. Gari la mbele likitupiga taa tunashuka hadi 50, tukimpita afande tunarudisha muda. Hata sisi wenye VTS, kile kifaa cha kufuatilia mabasi cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ile inakulilia ukizidisha mwendo wa basi, ambao kisheria ni 80. Ndani ya kijiji ukienda 75 hailii. Kwa hiyo kwenye 50 yako dereva wa basi anabaki na tochi na dhamira yake tu.

Nilikaa nikapiga hesabu baada ya kusoma uzi wako. Kilomita mbili kwa 50 ni dakika 2 na sekunde 24. Kwa 80 ni dakika 1 na nusu. Tunagombania sekunde 54. Nina watoto wawili wanaovuka barabara kwenda shule.

---

Kibao_Kimejificha

Tuseme ukweli wakuu, ile tochi ipo kwa ajili ya faini ya elfu 30. Mimi nimelimwa Mkata, nikalimwa Hedaru, safari moja. Mara nyingine kibao kimefunikwa na majani. Wangekuwa wanataka usalama wangesimama shuleni. Mwalimu weka matuta, achana nao.

---

Koplo_Mstaafu

Nimeshika tochi miaka mingi, nimestaafu, naweza kusema kwa uhuru.

Ndugu wa juu, uchungu wako naujua, na kibao kilichofunikwa una haki ya kukilalamikia. Lakini zipo sababu za askari kukaa pale alipo ambazo hazihusiani na elfu 30. Anahitaji barabara iliyonyooka ili apime. Anahitaji bega pana la kusimamishia gari bila kusababisha ajali nyingine. Na ni binadamu, anahitaji kivuli. Akipata sehemu yenye vyote vitatu harudi nyuma kutafuta nyingine, na anayempokea zamu anakaa hapohapo. Miaka inapita, madereva wanapakariri. Ikifika hapo tochi inalinda mita mia chache tu za barabara.

Mwalimu, hutaonekana unafundisha watu kazi ukienda vizuri. Usiende kwa askari wa chini ya mwembe, yeye amepangwa. Nenda kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, DTO, ukiwa na mwenyekiti wa kijiji. Usimwambie "askari wako wanakosea". Mpe vipimo vyako na saa za watoto. Hilo la saa ndilo watu wengi hawalifikirii. Wanafunzi wako wanavuka saa ngapi? Nina hakika trafiki anafika watoto wameshaingia darasani.

Halafu muombe jambo moja linalowezekana: siku za shule, askari asimame mbele ya zebra, akiwa amevuka shule, aelekeze tochi nyuma kuelekea magari yanayokuja. Zile za leza zinapima gari moja ulilolilenga kutoka mita mia kadhaa, kwa hiyo anaweza kukaa mbali na watoto na bado akapima gari likiwa linakaribia zebra. Picha inarushwa kwa mwenzake, gari linasimamishwa mbele kwenye nafasi. Dereva akishalimwa mara mbili baada ya shule, hatakanyaga mafuta kabla ya shule. Na wasikae hapo kila siku. Leo huku, kesho kule, keshokutwa wasiwepo kabisa.

---

Fundi_Lami

Afande amesema vizuri, mimi niongeze upande wa barabara, maana askari ataondoka saa kumi na barabara inabaki.

Mwalimu, kwa vile wanafunzi wako wanapenda hesabu, wape hii. Dereva wa kawaida anachukua kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa 50, gari limeshakwenda mita 14, na likifunga breki kwenye lami kavu linahitaji nyingine 14 hivi. Jumla 28. Kwa 80, mita 22 zinakwenda kabla ya breki, kisha kama 35 za kusimama. Jumla 57. Sasa mtoto akitokea mita 30 mbele, gari la 50 linasimama kabla hajaguswa. Lile la 80 linamfikia likiwa bado na mwendo wa kama 70. Hapo ni gari dogo lenye breki nzima. Lori lenye mzigo usiliulize.

Sikubaliani na aliyesema weka matuta tu. Tuta moja kubwa kwenye barabara kuu bila maandalizi linaua usiku, semi inalikuta ghafla. Kinachofanya kazi ni mfululizo: kibao, kisha rasta, ile mistari iliyoinuka inayotikisa gari, za kumwamsha dereva, kisha zebra iliyoinuliwa yenye rangi inayoonekana. Rasta zenyewe si jambo dogo. Ghana waliziweka kwenye barabara kuu ya Accra–Kumasi, makutano ya Suhum, na ajali zikapungua kwa asilimia 35, vifo kwa asilimia 55. Hazihitaji mshahara wala kivuli.

Barabara hiyo ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, si ya halmashauri. Barua ikienda mahali pasipohusika hukaa tu, huenda ndiyo yaliyoikuta ya mwaka jana. Pitisha mkutano wa kijiji, muhtasari uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa Meneja wa TANROADS wa mkoa, nakala kwa DTO na kwa mkuu wa wilaya. Ambatanisha muhtasari wenye sahihi, ramani uliyochora kwa mkono na vipimo. Kipimo cha watoto wa Darasa la Sita kitasomwa, niamini.

---

Mama_Makanya

Mwalimu pole sana, na mtoto apone.

Mimi naishi jirani na rasta, nawaambia ukweli zina kelele. Usiku malori yakipita nyumba inaguna. Kijijini kwetu waliokaa karibu walizipinga mwanzoni, kikao kilivunjika mara mbili. Kwa hiyo usiende mkutanoni ukidhani wote watapiga makofi. Zungumza kwanza na nyumba zilizo karibu, uwaeleze kabla hawajasikia kwa wengine.

Swali langu ni lango. Lango la shule linatazama barabara kuu? Watoto wakitoka wanamwagika moja kwa moja kwenye lami? Shule ya mwanangu ilikuwa hivyo, tukaziba lango la mbele, tukafungua la nyuma kwenye njia ya mashambani. Mifuko michache ya saruji na nguvu za wazazi, siku mbili. Watoto sasa wanafika barabarani wakiwa wamekusanyika sehemu moja, na mwalimu wa zamu anawavusha kwa kibao cha SIMAMA.

---

Fundi_Lami

Mama Makanya, umenikumbusha. Dar es Salaam kuna kazi ya namna hiyo ilifanywa na shirika la Amend kwenye shule za msingi: njia za miguu, matuta, vizuizi, hata kuhamisha malango. Mradi wao wa SARSAI ulipata tuzo ya WRI Ross mwaka 2019. Ni kazi ndogondogo za bei nafuu, hakuna daraja la juu wala taa za barabarani. Lango anza nalo Jumatatu, Mwalimu. Halihitaji kibali cha mkoa.

---

Kibao_Kimejificha

Nimesoma yote. Bado nina hasira na wale wa Hedaru, lakini nakiri hilo la kukanyaga mafuta baada ya tochi nalifanya mimi pia, kila safari. Sikuwahi kujiuliza baada ya tochi kuna nini.

---

Mwalimu_wa_Mkonge

Wakuu, asanteni. Nimesoma nikiwa na kalamu.

Koplo, ulivyosema ndivyo ilivyo. Watoto wanavuka saa moja kasorobo asubuhi, Darasa la Kwanza na la Pili wanatoka mapema kabla ya mchana, wakubwa saa nane na nusu. Trafiki hufika saa tatu. Niliwaona kila siku na sikuwahi kuziweka hizo saa pamoja.

Mama Makanya, lango letu linatazama lami. Upande wa nyuma kuna njia ya shamba la mkonge inayotokea barabarani mita kama 150 mbele, mahali panapoonekana vizuri pande zote. Leo jioni nimetembea na mwenyekiti wa kamati ya shule, tumepapima kwa hatua. Wazazi tunawaita Jumamosi. Baba wa yule mtoto amesema atakuja na koleo lake.

Mtendaji wa kijiji ameniahidi ajenda ya rasta kwenye mkutano ujao, na nyumba nne za karibu nimeanza kuzipitia. Mbili zimekubali. Moja imesema mzee wao ana presha na halali vizuri, nimeahidi kurudi.

Suka, nina ombi. Wewe na wenzako mna makundi yenu ya simu. Unaweza kuwaeleza kwamba kijiji hakiishii kwenye ule mwembe wa upande wa Korogwe?

---

Suka_wa_Kaskazini

Nimeshawaandikia, Mwalimu. Wawili wamebisha, mmoja kanipigia. Na mimi nimeacha kuwapiga taa magari ninayokutana nayo hapo. Kesho nina zamu ya Arusha, nitapita kwenu kama saa nne. Basi la bluu. Nipimeni.