Mjadala: Je, anayejifunza kuchora kwa msimbo aandike mwenyewe mfumo wa chembe, au achukue uliokwisha tengenezwa?

Mleta mada

Walimu wanaofundisha uchoraji kwa msimbo, hasa wanaotumia Processing, zana ya kuandikia michoro kwa msimbo iliyoanzishwa na Casey Reas na Ben Fry mwaka 2001, au p5.js, ambayo Lauren McCarthy aliianzisha kwa ajili ya vivinjari, wamegawanyika katika jambo moja ambalo kwa maoni yangu halijapewa uzito linaostahili. Wapo wanaosema kwamba mfumo wa chembe, yaani msimbo unaochora moshi, moto, mvua au fataki kwa vidoa vidogo vingi, upatikane kwa kuchukua maktaba, yaani msimbo uliokwisha andikwa na wengine, au kwa kuiagiza akili mnemba iandike msimbo wote, ili mwanafunzi abaki na kazi ya kuchagua rangi na mpangilio. Wapo pia wanaotaka aandike kila kitu mwenyewe, tangu kuzaliwa kwa chembe hadi kufa kwake. Mimi ni wa kundi hili la pili, na ningependa kutoa sababu zangu kabla ya kuzisikia za wenzangu.

Mfumo wa chembe si fumbo. William Reeves wa Lucasfilm alichapisha maelezo yake mwaka 1983, baada ya mbinu hiyo kutumika kuchora ukuta wa moto unaosambaa juu ya sayari katika filamu ya Star Trek II ya mwaka 1982, na mpaka leo msingi wake haujabadilika: chembe huzaliwa, hupewa mahali, kasi, ukubwa, rangi, kiwango cha kupitisha mwanga na muda wa kuishi, husogezwa katika kila fremu, yaani kila picha moja ya mfululizo unaoonekana kama mwendo, kisha hufa na kuondolewa. Kinachofanya moshi uwe moshi na si mvua ni nambari zile alizopewa chembe siku ya kuzaliwa kwake, pamoja na nguvu zinazoisukuma baadaye. Mwanafunzi asiyezigusa nambari hizo hajaigusa picha yake.

Tuchukue mfano wa fataki. Anayeanza huipa kila chembe kasi ya nasibu kati ya -1 na 1 kwa mlalo, na nyingine ya namna hiyo kwa wima. Anapoendesha mchoro, fataki inafumuka ikiwa na umbo la mraba, kwa sababu chembe iliyobahatika kupata thamani ya juu kabisa pande zote mbili inakimbilia kwenye kona kwa mwendo unaoizidi ile inayokwenda moja kwa moja kwa takriban asilimia 41. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea, wala programu haisimami. Picha tu ndiyo inayokataa. Hapo analazimika kuuliza sababu, na jibu linampeleka kwenye pembe, saini na kosaini, ambazo pengine alizikariri darasani bila kuona kazi yake. Akichagua pembe kwa nasibu na kuzipa chembe zote mwendo uleule, anapata pete. Akiubadilisha na mwendo pia kwa nasibu, pete inajaa, ila chembe zinasongamana katikati. Na akichukua kipeuo cha pili cha ile nambari ya nasibu, zinaenea sawasawa katika duara zima. Sijui somo jingine la hesabu linalomjibu mtu waziwazi kiasi hicho.

Hali ni hiyohiyo katika kuziondoa chembe zilizokufa. Anayeipitia orodha kutoka mwanzo na kuondoa chembe akiwa njiani huifanya chembe inayofuata isogee kuishika nafasi iliyoachwa, nayo inarukwa katika fremu ile, haichorwi, na jicho linaona picha ikipepesa. Dawa yake ni kuipitia orodha kutoka mwisho. Kosa hilohilo katika programu ya hesabu za mauzo lingeweza kujificha kwa muda mrefu, lakini hapa linajitangaza lenyewe.

Mchangiaji

Ndugu mleta mada, nimeisoma hoja yako kwa makini, na mfano wa fataki nimeupenda, lakini unazungumza kana kwamba kila anayekuja kujifunza anataka kuwa mwandishi wa programu. Wengi ninaowafundisha ni wachoraji na wabunifu wa matangazo, wenye muda mchache, na baadhi yao wanaandika msimbo kwenye simu. Mshonaji haanzi kwa kusokota pamba. Ukimpa mtu wa namna hii kipeuo cha pili katika somo la kwanza, hatarudi katika la pili, na sanaa itakuwa imempoteza.

Isitoshe, hiyo p5.js uliyoitaja ni maktaba. Vekta, yaani nambari zinazoshika mwendo pamoja na upande wake, umepewa, nambari za nasibu umepewa, kitanzi cha kuchora umepewa. Kwa nini basi mpaka uwekwe pale unapopenda wewe? Na kuna suala la uwezo. Picha inayokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde inaiachia kila fremu milisekunde zisizofika 17. Chembe laki moja zinazosogezwa moja moja kwa JavaScript, lugha ya p5.js, na kuchorwa kwa njia ya kawaida hazitoshi katika muda huo kwenye simu ya bei nafuu. Kazi hiyo ni ya kichakataji cha picha. Studio zinatumia vifaa kama Niagara, zana ya chembe iliyomo katika Unreal Engine, programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta. Tumfundishe mwanafunzi njia atakayoiacha?

Mleta mada

Ndugu mchangiaji, nakubaliana nawe kuhusu p5.js, na nashukuru umelileta jambo hilo, kwa kuwa linanilazimisha kuueleza mpaka wangu vizuri zaidi. Sidai kwamba mwanafunzi abuni vekta upya. Nadai kwamba sheria ya mwendo, yaani nguvu kubadilisha kasi na kasi kubadilisha mahali, iandikwe kwa mkono wake, kwa kuwa ndipo uamuzi wa msanii unapokaa. Na Niagara hainipingi: anayeifungua anakutana na muda wa kuishi, kasi ya mwanzo, kiasi cha chembe zinazozaliwa kwa sekunde, na nguvu za ukinzani, na asiyewahi kuziandika atazisukuma huku na huku bila kujua anachokitafuta.

Mbunifu wako wa matangazo ndiye hasa ninayemfikiria. Ameagiza msimbo wa moto kwa akili mnemba, umefanya kazi, sasa anataka moshi mzito uliozama katika weusi. Anabadilisha rangi kuwa nyeusi, na moshi unatoweka. Msimbo ule ulichanganya rangi kwa kujumlisha mwanga, njia inayoufaa moto kwa sababu chembe zikirundikana zinang'aa zaidi, lakini kujumlisha hakuwezi kamwe kuitia giza mandharinyuma. Mstari wa kubadilisha ni mmoja, naye haujui.

Kuhusu muda, hata mimi singeanza na kipeuo cha pili. Ningeanza na chembe moja inayoanguka. Kuhusu uwezo, mpaka ninaopendekeza ni pale chembe zinapoanza kuathiriana zenyewe kwa zenyewe. Chembe 1,000 zinazovutana zinadai hesabu za jozi 499,500 katika kila fremu, na hapo kugawa uwanja kwa miraba, kutumia maktaba au kuihamishia kazi kwenye kichakataji cha picha kunakuwa na maana ambayo mwanafunzi ameiona mwenyewe, kwa sababu mchoro wake umekwisha kuanza kukwama. Ningependa kusikia kutoka kwako na kwa walimu wengine: kama mngeruhusu maktaba kabla ya hatua hiyo, ni jambo gani mngehakikisha mwanafunzi amekwisha kuliandika mwenyewe?