Vita vikilipuka, je, hisa za teknolojia ya fedha ndizo za kukimbiwa kwanza?

Mwanzisha mada: Wakuu, kuna ushauri unaorudiwa sana: vita vikianza, uza hisa za teknolojia ya fedha (kampuni za malipo na benki za mtandaoni), kimbilia mafuta, silaha na benki kongwe. Ushahidi unaoletwa ni wa 2022. Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari, na mwaka ukaisha PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, ikiwa imepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake huku ExxonMobil, kampuni ya mafuta, ikipanda kwa takriban asilimia 80. Takwimu sizipingi, ila vita siyo mtuhumiwa. PayPal iliporomoka kwa karibu asilimia 25 ndani ya siku moja, tarehe 2 Februari, baada ya kutoa makadirio hafifu ya mapato. Vita vilikuwa bado wiki tatu! Na tarehe 25 Februari, siku ya pili ya mapigano, Block, kampuni nyingine ya malipo ya kidijitali, ilipaa kwa zaidi ya asilimia 20 kwa sababu tu hesabu zake ziliwapendeza wawekezaji.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unatenganisha vitu vilivyoshikana. Vita vilipandisha mafuta, pipa la Brent, mafuta ghafi yanayotumika kama kipimo cha bei duniani, likapita dola 130 mwezi Machi, bei za kila kitu zikafuata, na Benki Kuu ya Marekani ikapandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 4 kabla ya mwaka kuisha. Kampuni ambayo faida yake inasubiriwa miaka kumi ijayo ndiyo inayokabwa na riba. Exxon inalipa gawio, yaani mgawo wa faida kwa wenye hisa, leo.

Mwanzisha mada: Hapo kwenye riba nakubali. Lakini mfumuko wa bei Marekani ulishafika asilimia 7 Desemba 2021, kabla ya risasi ya kwanza. Riba ilikuwa njiani, vita au hakuna vita.

Mchangiaji wa pili: Samahani, nyote mnatazama New York, ambako bomu halikuanguka. Tazameni upande wa Urusi wenyewe. Sberbank, benki kongwe yenye mizizi ya 1841, na TCS Group, iliyomiliki wakati huo Tinkoff, benki ya mtandaoni isiyo na matawi, hisa zao zote zilikuwa zikiuzwa London. Zote ziliporomoka. Hisa ya Sberbank ilifika hadi senti moja ya dola! Soko la hisa la Moscow lilifungwa tarehe 28 Februari, likafunguliwa kidogo kidogo kuanzia 24 Machi. Ukongwe ulimsaidia nani? Mimi siku hizi sijiulizi hisa itashuka kiasi gani, najiuliza kama nitaruhusiwa kuiuza. Hata New York ilifunga soko mwishoni mwa Julai 1914, na hisa hazikurudi sokoni mpaka Desemba.

Mchangiaji wa tatu: Na hayo mafuta msiyafanye pango la kujifichia. Tarehe 17 Januari 1991, mashambulizi ya Marekani na washirika wake dhidi ya Iraq katika Vita vya Ghuba yalipoanza, bei ya mafuta ilianguka kwa karibu theluthi moja siku hiyohiyo, na S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, ikapanda zaidi ya asilimia 3. Aliyenunua mafuta kwa woga usiku wa kuamkia siku hiyo aliamka maskini.

Mwanzisha mada: Hoja ya kufungiwa soko imenipiga, sikuifikiria. Ila nina swali jingine. Tarehe 5 Machi 2022 Visa, Mastercard na PayPal zote zilitangaza kusitisha shughuli Urusi. Visa ilianza 1958, na kazi yake ni kusafirisha malipo kwa mitambo. Mnaiweka kundi gani, teknolojia ya fedha au kampuni kongwe?