QR darasani: grafu, vifuniko vya soda au kishikwambi?

Mwl_Kisauni
Asalaam aleikum wanabaraza. Nataka wanafunzi wangu wa Gredi ya 7 waelewe mraba wa QR unavyobeba maneno, wasiishie kuuskani tu. Nafikiria njia tatu: wauchore kwenye karatasi ya grafu, waupange kwa vifuniko vya soda, au watumie programu ya kutengeneza misimbo kwenye vishikwambi. Wanafunzi ni wengi, vishikwambi vichache. Mngechagua ipi?

FundiTudor
Programu, bila kusita. Andika neno fupi, kisha sentensi ndefu, watoto waone mraba unavyokua. Ukubwa wake huitwa toleo: la 1 lina vimraba 21 kwa 21, na kila toleo huongeza 4 kila upande hadi la 40, lenye 177 kwa 177. Kulichora hilo kwa mkono ni adhabu.

BiMajengo
Kaka, nani amesema wachore la 40? Programu inamaliza kazi yote ndani kwa ndani, mtoto anabaki kubofya. Mimi ni wa grafu. Waanze na yale macho matatu ya pembeni. Kila jicho ni 7 kwa 7, na mstari ukilikata katikati, nyeusi na nyeupe hupishana kwa uwiano wa 1:1:3:1:1. Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso, Japani, waliotoa msimbo huu mwaka 1994, waliuchagua uwiano huo kwa sababu ni nadra kuonekana kwenye maandishi ya kawaida. Ndiyo maana simu huyapata macho hata karatasi ikiwa kichwa chini.

KeteZaBao
Vimraba 441 kwa vifuniko? Mtoto mmoja akiisukuma meza, shughuli imekwisha. Lakini kwa herufi moja vifuniko havina mpinzani: vinane tu, cheusi ni 1, cheupe ni 0. Kwenye kompyuta M ni namba 77, yaani 01001101. Waachie wapange majina yao.

Mwl_Kisauni
Ahsanteni. Na nikiwapa mraba uliochapwa, wakaanza kona ya chini kulia, watazisoma herufi?

Zainabu_hesabu
La, mwalimu, hapo ndipo masomo mengi ya QR hukwama. Kabla ya kuchapwa, msimbo huvishwa barakoa, yaani mpangilio unaogeuza rangi za baadhi ya vimraba, mojawapo kati ya nane, ili yasitokee mabaka makubwa ya rangi moja wala macho ya bandia. Tafuta programu inayokuruhusu kuchagua barakoa, uchague namba 0, ambayo mpangilio wake ni kama ubao wa drafti. Hesabu safu kutoka juu na nguzo kutoka kushoto, ukianzia 0. Jumla ya namba hizo mbili ikiwa shufwa, geuza rangi ya kimraba. Macho na kanda za maelezo kando yake usiziguse.

Mfano: vimraba vinne vya mwanzo kwenye kona hueleza aina ya data, na kwa baiti, yaani herufi za vimraba vinane vinane, ni 0100. Vikishavaa barakoa huonekana 1101, ambayo si baiti tena! Mtoto akigeuza cha kwanza na cha nne anapata 0100 yake. Unasoma kwa upana wa vimraba viwili, kulia kisha kushoto, ukipanda. Nane zinazofuata ni idadi ya herufi, kisha herufi zenyewe. Katika toleo la 1, herufi ya pili inakata kona: nusu yake iko juu ya nguzo mbili za kwanza, nusu imeshaanza kushuka upande wa pili. Waonye mapema.

Na andika "Mombasa", si "MOMBASA". Ukitumia herufi kubwa tupu, programu nyingi huhamia mfumo mwingine unaobana herufi mbili ndani ya biti 11 (yaani 1 na 0 kumi na moja), na vile vifuniko vinane vya ndugu KeteZaBao havitalingana tena.

FundiTudor
Haya, dada, hapo umenishinda. Ila kwenye kurekebisha makosa nirudishieni kishikwambi. Hesabu za Reed-Solomon, zinazofanya kazi hiyo, si za Gredi ya 7. Tengeneza msimbo wa kiwango L, kinachovumilia uharibifu wa takriban asilimia 7, na mwingine wa H, takriban 30. Wabandike vipande vya karatasi katikati wakiongeza kidogo kidogo, wakiskani kila mara. Macho wasiyafunike.

Mzazi_Likoni
Waambieni pia kwamba mara nyingi ndani huwa na anwani ya tovuti tu. Waisome kabla ya kuifungua.

Mwl_Kisauni
Basi tutaanza na vifuniko vinane, kisha "Mombasa" iliyochapwa kubwa, penseli na raba mkononi. Vishikwambi vitangoja siku ya kubandika vipande. Kuchora mraba mzima naona niuache.

BiMajengo
Mie hunishawishi, mwalimu, macho angalau wachore. Na unapochapa, acha ukingo mweupe wa vimraba vinne pande zote. Watoto hupenda kukata karatasi hadi kwenye wino, halafu simu inakataa kusoma.