Meli inafunga gati Civitavecchia: Roma kwa treni wenyewe, tutawahi kurudi?

GatiNamba12:
Wakuu, habari za muda. Tuko wanne, mmoja ni mzee wetu wa miaka 70. Meli inatoka Barcelona, inapita Livorno, Civitavecchia (bandari ya Roma), Kuşadası ya Uturuki, inaishia Piraeus, bandari ya Athens. Civitavecchia inafika saa 1 asubuhi na kuondoka saa 1 jioni. Mwisho wa kurudi melini ni saa 12:30. Ziara ya Roma inayouzwa melini ni bei ya kukata maini kwa watu wanne. Tukipanda treni wenyewe tutawahi? Tushuke stesheni gani? Tiketi tukate mapema?

BeheweLaTatu:
Mnawahi, ila ipange siku kuanzia mwisho. Toa saa mbili za akiba kwenye ile 12:30: saa 10:30 muwe mmeshashuka Civitavecchia. Treni ya kawaida, Regionale, hutumia kama saa moja na robo kutoka Termini, stesheni kuu ya Roma, kwa hiyo yenu ni ile inayoondoka kabla ya 15:15 kwenye ubao, yaani saa 9:15 alasiri. Inayofuata ni ya dharura, si ya kumalizia aiskrimu. Basi la ziara ya meli likikwama barabarani, meli hulisubiri. Ninyi hamsubiriwi.

Asubuhi, basi la bure la bandari linawashusha Largo della Pace. Kutoka hapo hadi stesheni ni dakika 20 hivi au zaidi kidogo kwa miguu. Kwa ajili ya mzee, pandeni basi la mji. Msihesabu treni ya saa 2 kamili, maana kufunga gati si kushuka: kuna kusubiri ruhusa, kisha foleni ya basi. Mkifika stesheni saa 2:30 mko vizuri.

Tiketi za Regionale hazina namba ya kiti na bei haipandi siku ya safari, hivyo hakuna haraka. Ulizeni BIRG, tiketi ya siku nzima inayobeba Regionale pamoja na metro na mabasi ya Roma. Jazeni jina na tarehe, kisha muigonge kwenye kimashine cha ukutani kabla ya kupanda. Watu wengi hupigwa faini hapa wakiwa na tiketi halali mkononi, eti haijagongwa. Mkikata Regionale kwa simu, lazima muithibitishe kwenye programu kabla ya kupanda. Na mashine ya tiketi ikiwaletea Intercity au Frecciabianca, treni za masafa marefu, rudini nyuma: ni ghali zaidi, na BIRG haifanyi kazi humo.

BiRatiba:
Naongezea pa kushuka, maana wengi hung'ang'ania Termini bila sababu. Mnaenda Vatikani? Shukeni Roma San Pietro. Uwanja wa kanisa uko kama robo saa kwa miguu. Colosseo, ule uwanja wa kale wa Warumi? Shukeni stesheni ya Roma Ostiense, vukeni kwenda metro ya Piramide, laini B, vituo viwili tu. Tiketi ya Colosseo ina saa yake na jina la mtu, kwa hiyo kila mmoja awe na kitambulisho. Msiweke saa ya kuingia kabla ya saa 5.

Kurudi ni kinyume: Termini mnapata viti kwa sababu treni inaanzia pale, Ostiense mzee anaweza kusimama. Lakini Termini treni hizi huondokea majukwaa ya 25 na kuendelea, mbali na ukumbi mkuu; tengeni dakika 10 za kutembea, kwa mwendo wa mzee hata 15. Ubaoni msitafute neno Civitavecchia pekee. Mara nyingi treni imeandikwa kituo chake cha mwisho, Pisa Centrale au Grosseto, na Civitavecchia imo kwenye orodha ndogo ya vituo. SOPPRESSO maana yake imefutwa.

Kibarua_wa_Reli:
Hamjagusa mgomo wa reli, yaani sciopero. Hutangazwa mapema, kwa hiyo angalieni wiki ile ya safari na tena usiku wa kuamkia siku yenyewe. Siku za kazi, treni ambazo lazima zitembee hata kukiwa na mgomo ni za saa 12 hadi 3 asubuhi na saa 12 jioni hadi 3 usiku. Huo ndio mtego: mnafika Roma bila shida, halafu alasiri mnayotakiwa kurudi hakuna kitu, na ya saa 12 jioni haiwasaidii tena. Siku ya mgomo lipeni ziara ya meli au mbaki Civitavecchia.

Jingine, viza. Mkitoka Italia kwenda Kuşadası mmetoka Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja; Piraeus mnaingia upya. Viza ya kuingia mara moja haitoshi.

GatiNamba12:
Hilo la viza hatukulijua kabisa, shukrani. Na Livorno je?

BeheweLaTatu:
Livorno hamtembei ndani ya bandari, ni ya mizigo. Basi la kuwatoa hadi mjini mara nyingi hulipiwa. Kutoka katikati ya mji pandeni basi hadi Livorno Centrale. Florence ni kama saa moja na nusu kila upande, na kwa mzee naiona siku ya kukimbizana. Pisa ni chini ya nusu saa. Badilisheni treni Pisa Centrale mpaka Pisa San Rossore, ule mnara ulioinama uko dakika chache kutoka hapo. Mkibaki na muda, treni ya Lucca hupita hapohapo San Rossore.