Nyumba nzima tunajikuna usiku, naombeni ushauri (Uyole, Mbeya)

Baba Watatu:
Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu yuko bweni kidato cha pili. Alikuja likizo ya Juni akijikuna, nikasema ni baridi tu, Uyole mwezi ule hata ng'ombe anatamani sweta. Julai kaenda zake shule, sisi tumebaki na zawadi. Mchana afadhali. Tukishaingia kwenye blanketi ndiyo shughuli inaanza. Mtoto wetu mdogo ana vipele katikati ya vidole na kwenye mikono, mama yake kiunoni, mimi sehemu ambayo siwezi kuitaja hapa, na tangu hapo mama watoto ananiangalia kwa jicho lingine. Duka la dawa walitupa krimu ya betamethasone. Siku nne mwasho ukatulia, halafu ukarudi na nguvu mpya. Tunaoga kila siku jamani. Hii ni nini?

Mkinga Asilia:
Baridi hiyo mkuu. Huku Makete ngozi inapasuka kama udongo wa kiangazi. Paka mafuta ya parachichi, acha sabuni kali.

Mwana Tukuyu:
Baridi inachagua katikati ya vidole? Mkinga, acha utani.

Nesi Mstaafu:
Baba Watatu, sehemu uliyoona haya kuitaja ndiyo imenipa jibu. Vidole, vifundo vya mikono, kiuno, huko chini, tena usiku, tena nyumba nzima: huo ni ugonjwa wa upele (scabies), kwa kila dalili. Ni kadudu kasikoonekana kwa macho, kanachimba ngozi na kutaga humo. Hakajali unaoga mara ngapi. Kulala blanketi moja kunatosha, kwa hiyo mwambie mama watoto apunguze jicho. Anayeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, ndiyo maana mmeanza kujikuna kijana keshaondoka.

Ile krimu iacheni. Inatuliza mwasho, mdudu hafi, na vipele vinabadilika sura hadi daktari anahangaika kuvitambua. Nendeni kituo cha afya wawaangalie. Mara nyingi watawapa dawa ya maji ya benzyl benzoate, au krimu ya permethrin. Mnapaka WOTE siku moja, hata asiyewashwa, kuanzia shingoni hadi nyayo: kitovu, chini ya kucha, matakoni. Ukinawa mikono, paka tena. Ya mtoto mdogo huzimuliwa kwa maji kulingana na umri, msikisie. Mjamzito aseme mapema. Siku hiyohiyo mashuka na nguo za ndani mfue kwa maji ya moto, mwanike juani, mpige pasi. Koti lisilofulika lifunge kwenye mfuko wa nailoni wiki nzima.

Dada wa Mafinga:
Sisi tulipaka watano, tukamsahau binamu anayelala chumba cha uani. Mwezi haukuisha tukaanza upya. Kwako aliyesahaulika yuko bweni!

Baba Watatu:
MREJESHO. Kituo cha afya wamesema ni upele kweli. Tumepaka, inaunguza wakuu, mtoto wetu mdogo amelia hadi jirani akagonga mlango. Nimempigia patroni wa bweni nikijua nitaonekana mchafu. Kumbe wavulana wengi wanajikuna na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Kesho anamwona mkuu wa shule watibiwe kwa pamoja. Ila ni siku ya tisa na bado tunawashwa. Dawa feki?

Nesi Mstaafu:
Hapana. Mdudu akishakufa mwasho unaweza kubaki wiki 2 hadi 4. Rudieni dozi kwa tarehe mliyoandikiwa, si kila unapojikuna, mtaibabua ngozi. Vikitokea vipele vipya baada ya hapo, au vikitoa usaha, rudini kituoni.

Baba Watatu:
Ndaga fijo, mama. Ngoja nikamnyang'anye mama watoto chupa, leo alikuwa anataka kupaka mara ya nne.