Kusoma mwaka wa saba kwa intaneti kutoka Lubumbashi: ni nani anayemfuatilia mtoto?

Mama wa Kampemba

Ndugu wapendwa, mwanangu amemaliza shule ya msingi na amefaulu ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, lakini kazi ya baba yake inatuhamisha mara kwa mara kati ya Lubumbashi na Kolwezi, nami sipendi abadilishe shule kila tunapohama. Dada yangu aliye Ubelgiji ananishauri nimwandikishe katika shule ya Ulaya au ya Marekani inayofundisha kwa intaneti. Bei nimekwisha kuziona. Naomba mnieleze masomo yenyewe yanaendaje, ni nani anayemfuatilia mtoto wa miaka 12 anapokwama, na kama ataweza kurudi katika shule zetu bila kupoteza mwaka.

Mwalimu wa hesabu, Katuba

Mama, niruhusu nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa wazazi wengi hulikumbuka wakati wamekwisha kulipa. Kwa sheria yetu ya Kongo ya Februari 2014, elimu ya msingi ni ya miaka 8: sita ya shule ya msingi, kisha mwaka wa saba na wa nane, ambao humalizika kwa TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuwaelekeza wanafunzi, kabla ya mtoto kuingia humanité, yaani miaka ya juu ya sekondari. Collège ya Kifaransa, yaani sekondari yao ya chini, ina miaka 4, nayo huanza na sixième, ambayo kwa umri inalingana na mwaka wetu wa sita. Mwanao basi angeingia cinquième, mwaka wa pili, na cheti chao, brevet, angekipata mwishoni mwa troisième, mwaka wa mwisho, wakati wenzake wa hapa wamekwisha kumaliza mwaka wa kwanza wa humanité. Kwa Wamarekani hesabu ni nyepesi zaidi, kwa sababu darasa lao la saba na la nane yanakwenda sambamba na yetu.

Ukielekea Ufaransa, fahamu kwamba CNED, taasisi ya serikali yao ya kufundisha kwa mbali, iliyoanzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya wanafunzi waliotawanywa na vita, ina namna mbili za kuandikisha. Katika ile inayoitwa réglementée, walimu hutoa maoni rasmi kuhusu kupanda darasa mwisho wa mwaka. Katika ile ya huru mtoto anasoma, lakini karatasi yake haina nguvu hiyo. Uliza hilo kabla ya jingine lolote.

Papa wa Golf

Binti yangu alisoma katika shule ya Marekani ya aina hiyo. Kazi nyingi mtoto huzifanya kwa saa zake mwenyewe: anasoma somo, anajibu maswali, anatuma. Vipindi vya moja kwa moja na mwalimu ni vichache, navyo hurekodiwa kwa ajili ya aliyekosa, jambo ambalo kwetu lilikuwa wokovu, maana SNEL, shirika letu la umeme, inapokata umeme haiulizi ratiba ya mtu. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa tisa alasiri hapa mwezi wa tisa, na saa kumi jioni mwezi wa kwanza, kwa kuwa wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi.

Kuhusu msaada, sitaki kuwavunjia heshima walimu wale, kwani walifanya kazi. Binti alichora pembe kwenye daftari, akapiga picha kwa simu, akatuma. Kesho yake picha ilirudi ikiwa na mstari mwekundu mahali alipokuwa ameweka kipimapembe vibaya, pamoja na sauti ya mwalimu akimweleza taratibu. Palikuwa pia na mwalimu mlezi aliyetupigia simu alama zilipoanza kushuka. Lakini shule hiyo ilidai tangu mwanzo kwamba awepo mtu mzima nyumbani, anayehakikisha mtoto amekaa, amefungua somo na amemaliza, na katika madarasa haya kazi hiyo inakula saa kadhaa kila siku. Kwetu ni mke wangu aliyeibeba. Kama nyote wawili mnatoka asubuhi na kurudi jioni, mtoto atabaki na simu, na mnajua atafungua nini.

Yaya wa Bukavu

Naongeza jambo moja kuhusu mega, yaani data ya intaneti. Kipindi cha video cha saa moja kinaweza kula karibu giga nzima, kwa hiyo zidisha kwa wiki kabla ya kusema kwamba bei umeiona. Sisi tunatumia Kolibri, programu ya bure ambayo masomo yake hupakuliwa mara moja kisha husomwa bila intaneti. Haitoi cheti wala mwalimu, ni ya kujazia tu.

Mama wa Kampemba

Nawashukuru sana. Mchana tunaye shangazi yake nyumbani, lakini Kifaransa chake cha kusoma ni kidogo na Kiingereza hana kabisa.

Mwalimu wa hesabu, Katuba

Shangazi anaweza kusimamia saa na nidhamu, Mama, ila masahihisho ya jioni yatakuwa yako au ya baba, na kwa hali hiyo Kiingereza kingewalemea wote watatu. Mimi ningependelea shule moja ya hapa yenye prefe (mkuu wa shule) anayekubali mtoto asome kwa mbali zile wiki mnazokuwa Kolwezi, huku jina lake likibaki katika orodha ya wanafunzi na bulteni yake (ripoti ya alama) ikiendelea kutolewa hapa. Wapo wanaokubali, hasa mzazi anapokwenda kuomba mapema, kabla ya madarasa kujaa.